Afande: Neno Lililotoka Mbali

Fungueni madaftari, mchukue kalamu. Leo tutajifunza neno moja dogo la Kiingereza, neno "sir". Tutalipeleka Uturuki, kisha tutarudi nyumbani kwetu, maana ndugu yake mmoja tunamtumia kila siku.

Waingereza hulitumia neno hili kwa njia tatu. Kwanza, humwambia mwanamume kwa heshima: mwanafunzi kwa mwalimu, mwenye duka kwa mnunuzi, askari kwa mkubwa wake. Pili, huliandika mwanzo wa barua ya ofisini, wasipojua jina la mpokeaji. Tatu, ni cheo anachotoa mfalme au malkia wa Uingereza. Gavana wa mwisho wa Tanganyika, kabla ya uhuru wa mwaka 1961, alikuwa Sir Richard Turnbull. Angalieni: cheo hiki hufuatwa na jina la kwanza. Husemwa Sir Richard, wala si Sir Turnbull.

Je, Waturuki husemaje? Wao huchagua neno kwa kumtazama mtu na mahali. Mwalimu huitwa "hocam". Tamkeni hojam, maana yake mwalimu wangu. Askari humwita mkubwa wake "komutanım", yaani kamanda wangu. Mgeni dukani huitwa "beyefendi" akiwa mwanamume, na "hanımefendi" akiwa mwanamke. Tena, ukimwita Mturuki, huenda akaitika "efendim", ndiyo kusema bwana wangu, kama sisi tunavyoitika naam au abee.

Sasa andikeni neno hili, herufi kwa herufi: e-f-e-n-d-i. Chini yake andikeni: a-f-a-n-d-e. Mnaona jinsi yanavyofanana? Si ajabu, kwa kuwa asili yake ni moja. Waturuki walilipata kwa Wagiriki, na kwao maana yake ilikuwa mtu mwenye mamlaka. Misri ilipokuwa chini ya Sultani wa Uturuki, jeshi la Misri lilitumia majina ya vyeo ya Kituruki, na Wamisri wakalitamka afandi.

Mwaka 1889 Mjerumani Hermann Wissmann aliandika askari Wasudani huko Cairo, akawaleta pwani yetu kupigana na Abushiri bin Salim. Askari hao walikuja na bunduki zao, na walikuja na maneno yao pia. Katika jeshi la Wajerumani hapa, "ombasha" kilikuwa cheo cha chini. Kwa Kituruki "on" ni kumi na "baş" ni kichwa. Basi ombasha ni mkuu wa watu kumi. Afande alikuwa juu zaidi. Wajerumani wakaondoka, ombasha akasahauliwa, lakini afande amebaki Tanzania, Kenya na Uganda hata leo. Huko Uturuki, sheria ya mwaka 1934 ilifuta cheo cha efendi. Neno likabaki katika adabu ya maneno tu.

Basi, "sir" kwa Kiswahili ni nini? Nasi, kama Waturuki, hatuna jibu moja. Shuleni ni mwalimu. Hospitalini ni daktari. Njiani ni mzee, bwana au kaka. Kwa polisi na jeshini ni afande, naye afande aweza kuwa mwanamume au mwanamke. Ni neno la heshima kwa kazi ya mtu. Halimfanyi anayelitamka kuwa mtumwa wake.

Sikilizeni mfano. Mkulima wa Nangara amepotelewa na ng'ombe wawili. Anakwenda kituoni kuandikisha maelezo.

Askari: Haya mzee, weka sahihi hapa.
Mkulima: Sawa, afande. Lakini naomba unisomee kwanza.
Askari: Umesema ng'ombe mmoja mweusi amepotea.
Mkulima: La, afande. Ni wawili, mmoja mweusi na mmoja mwekundu.
Askari: Vema, nitasahihisha.

Mmeona? Mzee ametaja afande mara mbili, wala hakugombana na mtu. Hata hivyo, hakutia sahihi kabla ya kujua yaliyoandikwa. Angenyamaza kwa kuona haya, karatasi ingesema ng'ombe mmoja, naye angepata taabu baadaye kumdai wa pili. Wazee husema, heshima si utumwa. Ukijua kusoma, soma mwenyewe polepole. Kama bado hujaweza, omba usomewe, ndipo utie sahihi au dole gumba.

Zoezi la nyumbani. Andikeni jina la heshima la kila mmoja wa hawa: mwalimu wenu, mganga wa zahanati, askari wa kituoni, na mzee wa jirani. Kisha andikeni sentensi moja ya kumwomba afande akusomee maelezo yako.

Mwalimu wa darasa atasahihisha. Kwaherini hadi somo lijalo.