Mkanda wa Jeshi Ukipanda Jichoni, Siku Tatu Si Nyingi

  

Ndugu Waislamu, Ijumaa ya leo tumeona tuyazungumze maradhi ambayo majumbani mwetu hutajwa kwa sauti ya chini. Ni mkanda wa jeshi, na hasa ule unaopanda usoni na kuliingia jicho. Wengi wetu tunaujua ule wa kiunoni na wa kifuani. Huu wa usoni tunauchukulia kuwa ni upele tu, na hapo ndipo watu wanapopoteza jicho lililokuwa likitibika.

Tuchukue mfano, wala hatumkusudii mtu maalumu. Tuseme yupo mama katika kata ya Chapwa, mjini Tunduma, mkoa wa Songwe. Anauza chakula kwa madereva wa malori yanayosubiri kuvuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Umri wake haujafika miaka 40. Siku ya Jumapili anaumwa upande mmoja wa kichwa, maumivu ya kuchoma kama moto. Anasema ni moshi wa kuni na wa malori. Jumanne asubuhi anaamka na malengelenge kwenye paji la uso, upande ule ule wa kulia, hayavuki mstari wa katikati hata kidogo. Jirani anamwambia amepitiwa na mdudu usiku, apake mafuta. Jumatano yule wa pili anasema la, hiki ni kijicho cha watu, biashara yake imewauma. Alhamisi analetewa kombe, nusu anywe na nusu anawie uso. Kengeza limefumba kwa uvimbe, jicho limekuwa jekundu, na lengelenge moja limetokea kwenye ncha ya pua.

Tusimame hapo kwenye pua. Mshipa wa fahamu unaohudumia paji la uso na jicho ndio huo huo unaotoa tawi kwenda puani. Kwa hiyo lengelenge la ncha ya pua ni kama mpiga mbiu: linatangaza kwamba maradhi huenda yamekwisha ingia jichoni. Daktari Mwingereza aitwaye Jonathan Hutchinson aliiona alama hiyo katika karne ya 19, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mama wa nyumbani asiye na kifaa chochote anaweza kuiona kwa kioo cha mkononi.

Chanzo cha mkanda wa jeshi si mdudu wala si kijicho. Ni kirusi kile kile cha tetekuwanga. Mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini, bali hujificha katika mizizi ya mishipa ya fahamu na kulala humo miaka mingi. Kinga ya mwili ndiyo mlinzi wa mlango. Mlinzi akidhoofika, kirusi huamka na kuufuata mshipa mmoja hadi kwenye ngozi, ndiyo maana upele hukaa upande mmoja. Na ile kauli kwamba mkanda ukizunguka ncha zikakutana mtu hufa, haina ukweli wowote, ila imewatia hofu wazee wetu wengi bure.

Kinga hudhoofika kwa sababu nyingi. Uzee ni mojawapo, na wenye miaka zaidi ya 50 hupata maradhi haya bila ya kuwa na tatizo jingine. Wapo wanaotibiwa saratani, na wanaotumia dawa za kupunguza nguvu ya kinga. Lakini kijana anapotokewa na mkanda wa jeshi, madaktari hufikiria kupima Virusi vya Ukimwi. Waliokuwa wakitibu macho Rwanda na Malawi katika miaka ya 1980 na 1990 waliliona jambo hili wazi: vijana wengi waliokuja na mkanda wa jichoni walikutwa na VVU ambavyo wenyewe hawakuwa na habari navyo. Kwetu Tanzania, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta asilimia 4.4 ya watu wenye miaka 15 na kuendelea wanaishi na VVU, na mikoa ya nyanda za juu kusini kama Njombe, Iringa na Mbeya ilikuwa juu ya wastani huo. Songwe ilimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016.

Basi yule mama anachokiogopa si jicho. Anaogopa swali atakaloulizwa akifika zahanati. Anaogopa mume, mawifi, na wale wateja wake. Sisi hatumlaumu. Tunajilaumu wenyewe, kwa kuwa ni ndimi zetu zilizomfanya ajifiche. Kumsengenya mgonjwa ni usengenyaji kama mwingine wowote, na kumsitiri Mwislamu ni jambo ambalo Mtume (S.A.W.) ameliahidia sitara ya Siku ya Kiyama. Upele hauthibitishi VVU, na VVU havithibitishi dhambi. Wako wake waliotulia majumbani mwao ambao maradhi yaliwafuata humo humo.

Dawa ipo. Inaitwa asiklovia, na mtu mzima hupewa vidonge vya miligramu 800 mara tano kwa siku, kwa siku saba hadi kumi, kwa maelekezo ya mtaalamu. Faida yake ni kubwa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu upele kuonekana. Hesabu sasa za mama yetu: upele Jumanne asubuhi, saa 72 zinatimia Ijumaa asubuhi. Siku tatu zimekwenda kwa mafuta, maneno na kombe. Hata zikipita asikate tamaa, maana jicho likishashambuliwa daktari huitoa dawa hiyo hiyo, lakini asingoje Jumatatu. Bila tiba, takriban nusu ya wenye mkanda wa paji la uso huathirika jicho lenyewe: kioo cha mbele hupata vidonda na makovu, shinikizo la ndani hupanda, na wengine hubaki na maumivu ya miezi.

Kuhusu kisomo, hatumkatazi mtu dua, nayo ni ibada. Tunachokataza ni kulitia jicho bichi maji ya kombe, asali, maziwa au majani yaliyotwangwa, kwani hayo huongeza vidonda. Na matone ya duka la dawa yasinunuliwe kwa kukisia, kwa kuwa mengine yana dawa inayomnenepesha kirusi badala ya kumkandamiza.

Abu Dawud amepokea kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani akiwa safarini, kisha akapatwa na janaba. Wenzake wakamwambia hana ruhusa ya kutayamamu. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) alipopata habari alikasirika sana, akawalaumu kwa kutouliza na hali hawajui. Kwa hiyo mwenye malengelenge usoni asiambiwe na jirani kuwa lazima amwagie maji kila Sala. Katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, huosha palipo pazima na kutayamamu kwa ajili ya palipo na jeraha. Wala matone ya jicho hayafunguzi saumu katika madhehebu hayo. Ama vidonge vya mara tano kwa siku haviendani na kufunga, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa baadaye.

Kuna kirusi kingine kinachostahili kutajwa, kiitwacho sitomegalovairasi. Hiki hakina upele wala maumivu. Huwashambulia ambao kinga yao imeanguka mno, kikila pazia la nyuma ya jicho linalopokea nuru. Mtu huona vidoa vyeusi vikielea, au mimweko, au kama pazia linashushwa pembeni. Mwenye VVU akiona hayo aende siku hiyo hiyo. Kinga kubwa dhidi ya yote mawili ni dawa za ARV, ambazo nchini mwetu hutolewa bure tangu mwaka 2004, na tangu 2016 mtu huanzishiwa mara akigundulika. Tuliyaona mwaka 2011 kule Samunge, Loliondo, wagonjwa walipoziacha kwa kikombe kimoja.

Kutoka Chapwa, zahanati iliyo karibu ndiyo ya kuanzia, kisha Vwawa, na kwa daktari wa macho ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya, safari ya kilomita zaidi ya 100. Nauli hiyo kwa muuza chakula ni kubwa. Msikiti unaochangisha sanda kila mwezi unaweza kuichangisha mchana wa leo, baada ya Sala, kabla watu hawajavaa viatu.