Mgeni wa Hori ya Mida

Wahenga walisema, tembea uone. Nami nakiri mbele yako, msomaji, kwamba nimetembea sana nisione. Miaka hamsini na ushei nimepita njia ya Mombasa kwenda Malindi, na kila nikifika Mida huwa nimesinzia garini.

Februari hii nilishuka. Hori ya Mida ni mkono wa bahari ulioingia bara, karibu na Watamu na magofu ya Gede. Hakuna mto umwagikao humo, ila maji matamu hupenya chini kwa chini. Ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, iliyotengwa mwaka wa 1968.

Lilikuwa bamvua la mwezi mpevu. Nilisali Adhuhuri Gede, kisha nikateremka horini maji yakijaa. Kijana wa Kigiriama aliyenipokea akaniambia, "Umekuja wakati wake, mzee. Maji yakitoka, ndege hutawanyika mbali. Yakijaa, huwasukuma mpaka karibu nawe."

Tulipita juu ya daraja la mbao lililoning'inia kati ya mikoko, polepole, bila ya mazungumzo. Kiingilio kilipwacho hapo fungu lake husaidia karo za watoto wa sekondari wa vijiji jirani, mpango ulioanza mwaka wa 2001. Basi mkoko ukiachwa umesimama, nao wasomesha.

Mwisho wa daraja pana kibanda cha kuchungulia. Tuliketi. Nilimjua sululu kwa mdomo wake uliopinda, na vitwitwi wakikimbizana na ukingo wa maji. Wengi wao hutoka Ulaya na Urusi wakikimbia baridi. Utotoni mwetu, chuoni tuliihifadhi Sura ya Mulk, itajayo ndege walio juu ya vichwa vyetu. Tukishafunguliwa, twaokota mawe na kuwavurumishia hao hao. Mola atusamehe.

Kisha kijana akaninyoshea kidole kundi la ndege weupe wenye migongo myeusi, miguu mirefu ya rangi ya kijivu, na midomo minene kama koleo. Hawa chakula chao kikubwa ni kaa. Huzaa pwani za Bara Arabu, Oman na Ghuba zikiwemo. Huchimba shimo mchangani, wakataga yai moja tu, jeupe, na joto la mchanga huwasaidia kuliatamia. Kisha huja kwetu pamoja na kinda wao. Ikifika Aprili, kusi ikianza, wengi hurudi kaskazini, majira yale yale majahazi yalipokuwa yakitweka matanga kurejea Arabuni.

Mmoja alikuwa wa kijivujivu, amejikunyata, akilia. Nikadhani ni mgonjwa. "La," akasema kijana, "huyo ni kinda. Amevuka bahari kwa mbawa zake mwenyewe, na bado aomba." Punde mkubwa akaja na kaa, akampa.

Hapo nilinyamaza, wala si kwa ajili ya ndege. Mwanangu wa pili yuko Muscat, mwaka wa nne sasa. Mwaka wa kwanza alinipigia simu kuwa mshahara umechelewa, nimsaidie kodi ya chumba. Nikamjibu kuwa aliyeweza kuvuka bahari aweza kujilisha. Hakuomba tena. Salamu zake tangu hapo ni za Idi hadi Idi.

Nilikaa mpaka maji yakafika mashina ya mikoko na ndege wakaruka kwa pamoja kwenda kulala kwingine. Nikasali Alasiri kando ya njia.

Ewe msomaji, nenda Mida kabla ya Aprili. Tazama kalenda ya mwezi, ufike saa mbili tatu kabla ya maji kujaa. Chukua kofia na maji ya kunywa. Vaa nguo isiyong'aa, na watoto waambie wasipige kelele wala wasiokote mawe.

Usiku ule nilimpigia mwanangu. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na ndege. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha kimya kikawa kirefu.

"Baba," akasema, "wao huja huku lini?"

"Aprili," nikamwambia. "Lakini wewe usingoje kaskazi. Sema wahitaji nini."