Malisho Yanahitaji Kupumzika: Somo la Mkwaja kwa Vijiji vya Pwani

Kila kiangazi, nyasi zinapokauka katika halmashauri za Bagamoyo na Chalinze, makundi ya ng'ombe huelekea mabonde ya mito Wami na Ruvu. Mabonde hayo hayo ndiyo tegemeo la wakulima wa mpunga na mboga. Hapo ndipo migogoro huanza, na lawama huelekezwa kwenye wingi wa mifugo. Hata hivyo, historia ya ukanda huu inaonesha kuwa idadi ya mifugo peke yake haielezi yote. Namna malisho yanavyotumiwa nayo ina uzito wake.

Mfano ni Ranchi ya Mkwaja, kaskazini mwa Saadani. Ranchi hiyo ilianzishwa miaka ya 1950 na kampuni ya mkonge ya Amboni ili kuwapatia nyama wafanyakazi wa mashamba yake. Licha ya mtaji na dawa za mifugo, ilifungwa mwaka 2000. Uvamizi wa vichaka na ugonjwa wa nagana ni miongoni mwa mambo yaliyoidhoofisha. Leo eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005.

Nyasi zikiliwa mfululizo bila kupumzishwa, mizizi yake hudhoofika na uwanda hubaki wazi. Moto wa kiangazi, ambao kwa kawaida huteketeza miche ya migunga, hukosa nyasi za kuunguza, na vichaka hushamiri. Kivuli chake huwa makazi ya mbung'o, wanaoeneza nagana. Wakati huo huo, samadi hurundikana mazizini ng'ombe wanakolala, huku machungani rutuba ikipungua.

Wafugaji wa asili hawakuwa wageni wa jambo hili. Wasukuma hutenga ngitili, yaani eneo linalofungwa wakati wa mvua ili nyasi zake zitumike kiangazi. Mkoani Shinyanga, utaratibu huo ulifufuliwa na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986, na ardhi iliyokuwa imechakaa ikarejewa na miti na nyasi.

Sheria zinatoa nafasi ya kufanya hivyo Pwani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa kupanga maeneo ya makazi, kilimo na malisho. Mpango huo huidhinishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambako mkulima na mfugaji wana haki sawa ya kusema.

Hata hivyo, kutenga malisho kwenye ramani hakutoshi. Eneo lisilo na maji haliwezi kumzuia mfugaji kushuka bondeni Septemba, na eneo lisilo na zamu za kuchunga litageuka vichaka. Kwa hiyo mpango unapaswa kuonesha mambo manne: malisho ya masika, malisho ya akiba ya kiangazi, lambo au kisima, na njia ya mifugo isiyopita mashambani.

Wananchi wanahimizwa kuhudhuria mikutano ya vijiji vyao mpango unapojadiliwa. Mfugaji asiyehudhuria huenda akakuta njia ya ng'ombe wake imekuwa shamba; mkulima asiyehudhuria huenda akakuta shamba lake limekuwa njia.