Usawa wa Mdomoni Hautoshi

Dhuluma haiji siku zote na rungu mkononi. Mara nyingine huja imevaa kanzu ya haki. Ndivyo ilivyokuwa katika jimbo la California, nchini Marekani, mwezi wa Novemba 1996. Wapiga kura waliletewa Pendekezo namba 209, ambalo watetezi wake walilipamba kwa jina la Haki za Raia. Nani atazikataa haki za raia? Kumbe maana yake ilikuwa kupiga marufuku mipango ya kuwafungulia nafasi watu weusi, watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini na wanawake, katika vyuo vya umma, kazi za serikali na zabuni zake. Likapita kwa kura karibu 55 katika kila 100.

Mipango hiyo haikuwa sadaka. Mwaka 1961 Rais Kennedy aliwaamuru wenye mikataba na Serikali wachukue hatua za dhahiri ili watu waajiriwe bila ubaguzi. Mwaka 1965 Rais Johnson akaitilia nguvu amri hiyo. Watu weusi walikuwa wametoka katika zaidi ya karne mbili za utumwa, kisha wakatengwa kwa sheria mashuleni na makazini. Kung'oa kibao cha ubaguzi mlangoni hakumrudishii mtu elimu aliyonyimwa baba yake. Wahenga walisema mti hauendi ila kwa nyenzo, na nyenzo ndiyo hiyo waliyoivunja.

Wenye pendekezo walisema sheria isitazame rangi. Maneno matamu! Lakini marufuku yao ilitaja rangi, jinsia, kabila na asili ya mtu. Haikugusa desturi ya vyuo vingi vya Marekani ya kuwapendelea watoto wa waliosoma hapo zamani na watoto wa wafadhili. Upendeleo wa mwenye nacho ukaachwa usingizini. Wa mnyonge ndio ulioitwa dhambi.

Matunda yake yalionekana. Mwaka 2006, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, vijana weusi waliotazamiwa kuingia mwaka wa kwanza walikuwa 96 tu, kati ya wanafunzi wapya zaidi ya 4,000. Mwaka huo huo Michigan nayo ikapitisha marufuku kama hiyo. Katika Chuo Kikuu cha Michigan wanafunzi weusi wa shahada ya kwanza walishuka kutoka kama 7 katika kila 100 mwaka 2006 hadi kama 4 mwaka 2021, hali watu weusi ni kama 14 katika kila 100 jimboni humo.

Watu wa Colorado waliikataa hila hiyo mwaka 2008. California ilijaribu kuifuta marufuku yake mwaka 2020, ikashindwa. Na mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilivikataza vyuo kutazama rangi ya mwombaji anapopokelewa. Mlango uliofungwa kwa kura moja hufunguliwa kwa jasho la miaka mingi.

Ndugu wafanyakazi, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mkiletewa karatasi yenye neno "usawa" juu yake, isomeni hadi mwisho, kisha mwulize: nani ataingia, na nani atabaki nje?