Jeraha la mguu katika mazoezi ya mbio ndefu

Jeraha la mguu katika mazoezi ya mbio ndefu ni maumivu au uharibifu unaoupata mfupa, msuli, kano au kiungo cha mguu wa mwanariadha anayejiandaa kwa mbio kama nusu marathoni (kilomita 21.1) na marathoni (kilomita 42.195). Majeraha mengi ya aina hii hayatokani na ajali moja. Hutokana na mzigo mdogo unaorudiwa maelfu ya mara kabla mwili haujapata muda wa kujijenga upya. Kwa hiyo mkimbiaji mara nyingi hawezi kutaja siku aliyoumia, na huendelea na mazoezi wiki kadhaa akidhani ni uchovu tu.

Nchini Tanzania habari ya mkimbiaji na mguu ulioumia haiwezi kutenganishwa na wilaya za Mbulu na Hanang, zilizopo katika mkoa wa Manyara tangu mkoa huo ulipomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Nyanda hizo za juu zimetoa wakimbiaji mashuhuri, akiwemo Gidamis Shahanga wa Hanang, aliyeshinda marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edmonton mwaka 1978 na mita 10,000 huko Brisbane mwaka 1982. Mbulu ndiko alikozaliwa John Stephen Akhwari mwaka 1938, na goti lake ndilo jeraha linalojulikana kuliko yote katika historia ya riadha ya Tanzania.

Goti la Akhwari

Tarehe 20 Oktoba 1968 Akhwari alishiriki marathoni ya Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, mji uliopo mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Misuli yake ilianza kukakamaa njiani. Karibu na kilomita ya 19 wakimbiaji walisukumana wakigombea nafasi, naye akaanguka. Goti lilijeruhiwa na kutenguka, na bega likagonga barabara. Baada ya kufungwa bendeji aliendelea, mara akikimbia, mara akitembea kwa kuchechemea.

Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2:20:26. Akhwari alifika baada ya saa 3:25:27, jua likiwa limezama na watazamaji elfu chache tu wakiwa wamebaki uwanjani. Alikuwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza. Wengine wapatao 18 waliacha njiani. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile aanze mbio tu, bali azimalize.

Jibu hilo limerudiwa shuleni, kwenye hotuba na katika matangazo ya Olimpiki, na baadhi ya vijana wamelielewa kuwa mkimbiaji wa kweli hukimbia na maumivu. Matukio yenyewe hayasemi hivyo. Akhwari alikuwa ndani ya mbio zenyewe, zinazokuja mara moja kwa miaka minne, na baada ya mstari wa mwisho hakuwa na mbio nyingine kesho yake. Mazoezi ni kitu kingine: anayelazimisha mguu Jumatatu atauhitaji tena Jumanne. Sehemu isiyosimuliwa sana ni ya mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, ambako Akhwari alimaliza marathoni wa tano kwa saa 2:15:05, katika mbio alizoshinda Ron Hill wa Uingereza kwa 2:09:28. Goti lililoburutwa Mexico lilikuwa limepona vya kutosha kumpeleka kwa kasi hiyo chini ya miaka miwili baadaye.

Ardhi ya Mbulu na Hanang

Miji ya Mbulu na Katesh ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mlima Hanang ulio juu ya Katesh unazidi mita 3,400. Hewa ya huko ina oksijeni kidogo kuliko pwani, jambo linalosaidia moyo na mapafu kuzoea kazi ngumu. Ila moyo huzoea mapema kuliko mfupa na kano. Kijana mwenye pumzi nzuri anaweza kuongeza kilomita kwa haraka kuliko miguu yake inavyoweza kuvumilia, na hapo ndipo wengi huumia.

Miinuko nayo ina gharama yake. Kupanda mteremko kama ule wa Magara, kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, huchosha mapafu na kuvuta kano ya kisigino. Kushuka hakuchoshi pumzi, lakini huumiza zaidi: kila hatua msuli wa paja hurefuka huku ukizuia uzito wa mwili, na goti na muundi hupokea kishindo. Mkimbiaji mwenye maumivu ya goti anayekwenda na kurudi njia ileile ya mlimani hupata dozi kamili ya kushuka kila siku. Anaweza kubadili njia na kukimbia kwenye ardhi iliyonyooka zaidi, kama ile tambarare ya mashamba ya ngano ya Basotu, au kupanda kwa kukimbia na kushuka kwa kutembea.

Majeraha ya kawaida

Maumivu ya muundi huenea sehemu ndefu upande wa ndani wa mfupa wa mbele wa mguu. Huuma mwanzoni mwa mazoezi, hupungua mwili ukipata joto, kisha hurudi jioni. Huwapata hasa wanaoanza na wanaoongeza umbali ghafla.

Maumivu ya kuzunguka kilegesambwa, yaani pia ya goti, hujitokeza wakati wa kushuka mlima, kushuka ngazi au kukaa muda mrefu goti likiwa limekunjwa, kwa mfano safarini ndani ya basi. Mara nyingi chanzo chake ni udhaifu wa misuli ya paja na nyonga pamoja na mzigo uliozidi.

Kano ya kisigino huwa ngumu na yenye maumivu asubuhi, mtu anapopiga hatua za kwanza kutoka kitandani. Kupumzika peke yake hakuiponyi vizuri, kwa kuwa kano isiyopewa kazi hudhoofika. Mwaka 1998 daktari Håkan Alfredson wa Sweden na wenzake walichapisha matokeo ya zoezi rahisi: mgonjwa husimama kwenye ukingo wa ngazi kwa ncha za nyayo, kisha huteremsha kisigino cha mguu mbovu polepole chini ya ukingo. Hurudia mara 15 kwa mizunguko 3, goti likiwa limenyooka, halafu vivyo hivyo likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Halihitaji kifaa chochote. Jiwe bapa au kizingiti cha mlango kinatosha.

Kuteguka kifundo cha mguu ni ajali ya kweli, ya kukanyaga jiwe au shimo, hasa alfajiri kabla ya kupambazuka.

Jeraha linalostahili kuogopwa kuliko haya yote ni ufa wa mfupa utokanao na mzigo. Mfupa hubomoa na kujenga tishu zake wakati wote. Kazi ikizidi kasi ya kujenga, nyufa ndogo huungana. Dalili yake ni maumivu ya sehemu moja ndogo, inayoweza kufunikwa kwa ncha ya kidole, yanayozidi kadiri mtu anavyokimbia, na baadaye huuma hata akitembea au akiwa amelala. Hayapungui mwili ukipata joto, tofauti na maumivu ya kawaida ya muundi. Kuendelea kukimbia kunaweza kuugeuza ufa kuwa mvunjiko kamili. Hatari zaidi ni nyufa za shingo ya mfupa wa paja, ambazo huuma kwenye kinena, na zile za upande wa mbele wa muundi, kwa sababu hupona kwa shida na huweza kuhitaji upasuaji. Eksirei inaweza isionyeshe kitu katika wiki mbili au tatu za kwanza, hivyo picha safi haitoshi kumruhusu mtu arudi mazoezini kama mfupa bado unauma ukibonyezwa. Kipimo cha MRI huonyesha mapema, lakini kinapatikana katika hospitali chache kubwa tu.

Siku za kwanza

Kwa miaka mingi wanariadha walifundishwa kupumzika, kuweka barafu, kufunga bendeji na kuinua mguu. Mpango huo ulipewa jina na daktari Gabe Mirkin wa Marekani mwaka 1978. Baadaye Mirkin mwenyewe alikiri kwamba barafu na mapumziko ya muda mrefu vinaweza kuchelewesha uponaji. Siku hizi ushauri ni kuulinda mguu siku moja hadi tatu, kufunga bendeji isiyobana mno, kuuinua, kisha kuanza kuutumia taratibu kadiri maumivu yanavyoruhusu. Barafu, au kitambaa kilicholowekwa kwenye maji baridi, hupunguza maumivu, na kwa hilo tu inafaa.

Kuchua na kukanda kwa maji ya moto ni desturi iliyoenea. Kwa msuli uliokaza baada ya siku kadhaa hakuna ubaya. Katika saa 48 za kwanza, kuchua kwa nguvu sehemu iliyovimba huongeza damu kuvia na uvimbe. Kuvuta au kunyoosha kiungo kinachodhaniwa kimevunjika au kutenguka, kabla hakijapigwa picha, kunaweza kujeruhi mishipa ya damu na ya fahamu.

Mgonjwa anapaswa kufika hospitali ikiwa hawezi kupiga hatua nne kwa mguu ulioumia, ikiwa mfupa wa kifundo unauma ukibonyezwa, kiungo kimepinda, goti limevimba ndani ya saa chache au linakwama, nyayo zimekufa ganzi, au shavu la mguu limevimba upande mmoja na kuwa la moto. Katika wilaya ya Mbulu mojawapo ya hospitali kubwa ni ile ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanzishwa miaka ya 1950. Kwa matatizo makubwa ya mifupa wapo wanaopelekwa hospitali ya KCMC mjini Moshi.

Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki huuzwa kwa urahisi katika maduka ya dawa. Kuzimeza ili kuweza kufanya mazoezi ni hatari kwa namna mbili: huzima onyo la mwili huku uharibifu ukiendelea, na kwa mkimbiaji aliyepungukiwa maji huweza kudhuru figo na tumbo.

Kulinda pumzi mguu ukipona

Hofu kubwa ya mkimbiaji si maumivu. Ni kuona siku za mbio zinakaribia naye amekaa. Kwa anayetegemea zawadi za mbio kulipa ada ya wadogo zake au kununua mbegu, hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo hasara ya kupumzika ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 juu ya wanariadha waliozoezwa vizuri ulionyesha kwamba uwezo wa mwili kutumia oksijeni ulishuka kwa takriban asilimia 7 katika wiki tatu za kwanza za kuacha mazoezi kabisa. Ufa wa muundi ukigunduliwa mapema humweka mtu nje kwa wiki 6 hadi 8. Ukilazimishwa unaweza kumaliza msimu mzima.

Baiskeli, iliyopo katika nyumba nyingi za vijijini, huhifadhi sehemu kubwa ya pumzi bila kishindo, mradi isilete maumivu. Mfano unaokumbukwa duniani ni wa Joan Benoit wa Marekani, aliyefanyiwa upasuaji wa goti siku 17 tu kabla ya marathoni ya mchujo ya mwaka 1984. Alijizoeza kwa kuzungusha pedali za baiskeli kwa mikono, akashinda mchujo, na mwezi Agosti akawa mwanamke wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki. Upande wa pili yupo Paula Radcliffe wa Uingereza, aliyepata ufa wa mfupa wa paja miezi michache kabla ya Beijing 2008. Alikimbia bila maandalizi ya kutosha na kumaliza wa 23.

Kurudi kukimbia

Mkimbiaji huwa tayari anapoweza kutembea haraka kwa dakika 30 na kurukaruka kwa mguu mmoja bila maumivu. Huanza kwa kukimbia dakika moja na kutembea moja, mara 10, siku moja baada ya nyingine, kwenye udongo ulionyooka. Muda wa kukimbia huongezwa kwanza, kisha umbali, kisha kasi. Milima huja mwisho, na kushuka baada ya kupanda.

Kwa jeraha la kano au goti, maumivu yasiyozidi 3 katika kipimo cha 0 hadi 10 yanavumilika, ikiwa yamekwisha asubuhi inayofuata. Yakiwa yamebaki au yameongezeka, mazoezi yanayofuata hupunguzwa. Kwa ufa wa mfupa kiwango kinachokubalika ni sifuri.

Makocha wengi hutumia kanuni ya kutoongeza zaidi ya asilimia 10 kwa wiki. Ni tahadhari nzuri, ingawa jaribio lililofanyika Uholanzi na kuchapishwa mwaka 2008, likihusisha wakimbiaji wapya zaidi ya 500, halikukuta tofauti ya majeraha kati ya walioifuata na walioongeza haraka zaidi.

Chakula kina nafasi yake pia. Anayekimbia kilomita nyingi huku akila kidogo, kwa umaskini au kwa kutaka kupungua, huunyima mfupa malighafi. Kwa mwanamke, kukosa hedhi kwa miezi mitatu au zaidi bila mimba ni dalili kwamba mifupa ipo hatarini, wala si ishara ya kuiva kimazoezi kama baadhi wanavyoambiwa. Ugali wa kutosha, maharage, maziwa na usingizi hufanya kazi ambayo hakuna dawa ya dukani inayoweza kuifanya.