KIASI CHA BARUTI KATIKA BUNDUKI YA GOBORI

Vijana wengi wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wamesikia wazee wakitaja gobori, lakini ni wachache waijuao kazi yake. Gobori ni bunduki ishindiliwayo kwa mdomoni. Kwanza hutiwa baruti, kisha risasi iliyofungwa kitambaa, na vyote husukumwa mpaka chini kwa mdeki. Moto huletwa na jiwe la gumegume, au na fataki.

Bunduki za namna hii zilifika pande za Mlima Kenya mabegani mwa watu wa misafara kutoka pwani. Mwaka 1887 msafara wa Count Teleki ulipita katika nchi ya Wakikuyu mpaka miguuni pa mlima. Wenyeji wenyewe waliwinda kwa mishale na mashimo, kazi isiyo na kelele wala moshi. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalizuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini gumegume zisizo na mifuo ndani ya kasiba hazikuhesabiwa katika katazo hilo. Hiyo ni sababu mojawapo ya gobori kudumu mikononi mwa wawindaji wa Afrika Mashariki.

Kosa la kale la mwindaji ni kudhani ya kuwa baruti nyingi humpa nguvu nyingi. Sivyo. Baruti nyeusi huhitaji nafasi ya kuwaka, na kasiba ina urefu wake. Ikizidi, ile ya ziada hutupwa nje mdomoni bila kufanya kazi. Bega huumia, kasiba hulemewa, na mwendo wa risasi hauongezeki ila kidogo. Bunduki ya Enfield ya Waingereza ya mwaka 1853 ilipiga risasi yenye uzito wa gramu 34 hivi kwa baruti ya gramu 4 na nusu tu, yaani kiasi kisichojaza kijiko cha chai.

Basi atafutaye kiasi chema hushika kwanza agizo la aliyeitengeneza bunduki, naye huanzia chini. Hupiga shabaha moja mara tatu au tano, hutazama matundu, ndipo huongeza kidogo, bila kuvuka mpaka aliowekewa. Kiasi chema ndicho kikusanyacho matundu mahali pamoja, hata kama mshindo wake si wa kujivunia. Vitambaa vilivyoanguka navyo huokotwa: kilichoungua au kuchanika chaonyesha kuwa baruti imezidi au kitambaa hakifai. Baruti hupimwa kwa kikombe kidogo cha kipimo, wala haimiminwi kutoka katika pembe moja kwa moja ndani ya kasiba, maana cheche iliyosalia humo yaweza kuilipua pembe yote mkononi.

Hatari nyingine haionekani kwa macho. Risasi ikikwama katikati, pakabaki nafasi kati yake na baruti, kasiba yaweza kupasuka. Kwa hiyo mdeki hutiwa alama ionyeshayo kuwa risasi imefika chini. Tena baruti nyeusi huacha masizi mengi, na masizi hayo huvuta maji. Katika ukungu wa mlimani chuma huliwa na kutu upesi kisipooshwa kwa maji ya moto na kupakwa mafuta. Baruti ya kisasa isiyo na moshi haitiwi katika gobori hata punje, kwani nguvu yake hupasua kasiba.

Ubora wa chuma si jambo dogo. Kati ya 1952 na 1956 wapiganaji wa msituni, Nyandarua na Mlima Kenya, walijitengenezea bunduki za mabomba ya maji na makomeo ya milango. Bomba la maji halikufuliwa kustahimili mshindo wa risasi, na mara nyingine aliyeumia ni yule aliyeishika.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama wa pori mwaka 1977, na bunduki haiwekwi nyumbani pasipo kibali. Pengine gobori kuukuu itaonekana darini mwa nyumba ya marehemu. Isielekezwe kwa mtu, isisogezwe karibu na moto, wala mtoto asiiguse: baruti iliyoshindiliwa zamani, ikiwa kavu, yaweza kuwaka hata baada ya miaka mingi. Iachwe pale pale, na habari ipelekwe kituo cha polisi.