Kelele za Umeme Katika Kipimo cha Moyo

Umeme wa moyo ni mdogo mno. Ukifika kwenye ngozi, wimbi lake kubwa huwa takriban milivolti 1, nalo huchorwa kwa urefu wa milimita 10. Wimbi dogo linalotangulia, la vyumba vya juu vya moyo, kwa kawaida halizidi robo ya kimo hicho. Mchoro ukitetema, hilo ndilo humezwa kwanza, na mgonjwa aweza kudhaniwa ana mapigo yasiyo na mpangilio.

Ndani ya mashine, kidhibiti volti hushusha volti ya betri au chaja hadi kiwango kisichoyumba. Chenyewe pia hutoa kelele, mara nyingi mikrovolti makumi kadhaa, ambayo watengenezaji huipunguza kwa kapasita. Hatari kubwa zaidi ni betri chakavu: volti inayoingia ikikaribia mno ile inayotoka, udhibiti hukoma na mawimbi ya chaja hupenya.

Mhudumu wa zahanati ya Bahi au Kongwa ahesabu viwimbi. Karatasi ikienda milimita 25 kwa sekunde, viwimbi 10 katika kisanduku kikubwa kimoja ni vya umeme wa gridi, wenye mizunguko 50 kwa sekunde. Achomoe chaja, arudie kwa betri. Mtetemo ukibaki, atazame ngozi: kiangazi cha Dodoma huikausha, na vibandiko havishiki vema mpaka ilowanishwe kidogo.

Nawe mgonjwa, usihofu kipimo kikirudiwa; mashine hupokea umeme wako tu, haikupitishii wake.